Swali la utafiti limo kwenye rejista ya nyumbani

Likizo ndefu ya chuo ikifika, wanafunzi wa udaktari wanaotoka Silibwet hurudi nyumbani na wasiwasi mmoja. Wameshaambiwa na waliowatangulia kwamba atakayetaka ufadhili wa masomo, au nafasi ya kusomea ubingwa baadaye, ni heri awe na utafiti wenye jina lake. Anayeipenda radiolojia, yaani tiba ya kupiga na kusoma picha za mwili, hubanwa zaidi. Bado yuko mwaka wa pili au wa tatu, hajaanza kuzunguka wodini, hana fedha za mradi, na muda alio nao ni wiki sita, au nane akibahatika. Basi hushinda na simu akiwaandikia maprofesa wa Nairobi, wa Eldoret na wa ng'ambo, akiomba "mradi wowote ule." Wengi wa maprofesa hao hawajibu, wala si kwa ubaya. Ombi la namna hiyo halina pa kushikwa.

Nasema mwanafunzi huyu anatazama mbali mno. Silibwet ni kituo cha biashara katika eneobunge la Bomet ya Kati, na Hospitali ya Tenwek iko umbali mfupi tu kutoka hapo. Katika kaunti hiyo hiyo ya Bomet kuna Hospitali ya Rufaa ya Longisa, na ukivuka kuingia Kericho utakuta Kapkatet na hospitali ya rufaa ya kaunti. Katika vyumba vya picha vya hospitali kama hizi mna rejista, fomu na mafaili ya kompyuta yenye majibu ya maswali ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuyauliza. Mradi mfupi wa radiolojia unaomfaa mwanafunzi mchanga umo humo, nao una manufaa kwa wanyonyeshao, wachuma chai na waendesha bodaboda wa huku kuliko mradi mkubwa ulioazimwa kutoka mbali.

Bomet imewahi kuufundisha ulimwengu

Anayedhani utafiti wa maana hautoki mashinani na aisome historia ya Tenwek. Hospitali hii ilianza mwaka 1937 kama kituo cha misheni kilichoendeshwa na wauguzi. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernie Steury, alifika mwaka 1959. Katika miaka ya 1980 maporomoko ya mto Nyangores yalijengewa mtambo wa umeme, na hospitali ikapata nguvu za kuendeshea mashine zake.

Miaka hiyo yote kulikuwa na ugonjwa mmoja uliowarudia madaktari wa huku bila kukoma: saratani ya umio, ambayo wengi huiita saratani ya koo. Mwaka 1969 watafiti Ahmed na Cook walikuwa tayari wamechapisha takwimu zake kuhusu magharibi mwa Kenya. Mwaka 2002 daktari wa upasuaji Russell White wa Tenwek na wenzake waliandika katika jarida la The Lancet kwamba katika Wilaya ya Bomet, kama ilivyoitwa wakati huo, saratani hiyo ilikuwa ikiwashika hata vijana. Mwaka 2010 kukatoka chapisho jingine lililokusanya wagonjwa 109 wa Tenwek wenye umri wa miaka 30 au chini yake. Katika nchi nyingi ugonjwa huu huwa wa watu wa makamo na wazee.

Picha ya ugonjwa wenyewe, mtu akishaiona, haimtoki. Mgonjwa husimama mbele ya mashine, hupewa kikombe cha bariamu, kinywaji cheupe kizito, na kuambiwa ameze akipewa ishara. Bariamu huzuia miale ya eksirei, kwa hiyo kila inapopita huacha njia nyeupe kwenye picha. Kwa aliye mzima, njia hiyo hushuka kifuani ikiwa nyoofu, kingo zake laini, na kuingia tumboni kwa sekunde chache. Kwa mwenye uvimbe, huanza ikiwa pana, kisha ghafla hubanwa ikawa nyembamba mno, kingo zake zimemegeka huku na huku. Juu ya pale palipobanwa bariamu hujaa na kutuama, maana haina pa kupitia. Daktari hupima sehemu iliyobanwa kwa sentimita, huandika iko sehemu gani ya umio, hutia tarehe na kusaini. Sentimita hizo, tarehe hiyo na umri wa mgonjwa ndivyo vitu ambavyo mtafiti huvitafuta.

Wagonjwa wengi hufika wakati chakula hakipiti tena na upasuaji hauwezekani. Kinachoweza kuwarudishia uwezo wa kumeza ni stenti, bomba la wavu wa chuma linaloachwa ndani ya umio ili kufungua njia. Kwa kawaida stenti huwekwa kwa kuongozwa na fluoroskopi, yaani eksirei inayoonekana papo hapo kwenye skrini. Hospitali nyingi za Afrika hazina mashine hiyo. White, Mungatana na Topazian wakajiuliza kama stenti inaweza kuwekwa kwa endoskopi peke yake, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila fluoroskopi. Majibu yao kutoka Tenwek yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Gastrointestinal Endoscopy, na mwaka 2009 The Lancet Oncology likachapisha matokeo ya mamia ya wagonjwa wa hospitali hiyo waliotibiwa kwa stenti.

Mwanafunzi na alitazame swali hilo vizuri. Lilizaliwa na upungufu. Waliolijibu walitazama kazi waliyokuwa wakiifanya kila wiki, wakaona pale ambapo vitabu vya nchi tajiri haviwafai, wakahesabu wagonjwa wao kwa uangalifu.

Madaftari ya Kericho yaliyofika mbali

Mfano wa pili si wa radiolojia, lakini unahusu mali ile ile, yaani kumbukumbu za hospitali. Kwa miongo mingi hospitali za mashamba makubwa ya chai ya Kericho zilikuwa zikiandika wafanyakazi na jamaa zao waliougua malaria. Makarani na wauguzi walioandika walikuwa wakitimiza wajibu wao wa siku. Mwaka 1998 Malakooti, Biomndo na Shanks wakazitumia kumbukumbu za hospitali ya kampuni iliyoitwa Brooke Bond wakati huo, wakaonyesha jinsi malaria ya mlipuko ilivyorejea katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya.

Baada ya hapo Kericho ikaingia katika mjadala mkubwa wa kisayansi. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika katika jarida la Nature kuhusu maeneo manne ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwamo, wakasema hali ya hewa haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza kurejea huko kwa malaria. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakazirudia hesabu za maeneo hayo hayo wakaona joto limepanda. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakatumia vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho, nao wakathibitisha kupanda kwa joto. Kumbukumbu zilizoandikwa na watu wasiojulikana majina ndizo zilizouwasha mjadala huo, na vipimo vya kila siku vya kituo cha hali ya hewa vikausogeza mbele.

Ndiyo maana mwanafunzi haimpasi kuidharau rejista ya chumba cha eksirei. Ifungue uone: tarehe, namba ya mgonjwa, umri, jinsia, aina ya picha, aliyeiagiza, na safu nyembamba ya mwisho yenye maneno matatu ya majibu. Kurasa nyingine zina mwandiko safi, nyingine zina wino uliomwagika, na pengine kuna juma zima ambalo umri haukuandikwa. Hata mapengo hayo ni habari, kwa sababu yanaonyesha siku ambazo kazi ilizidi watu.

Kwa nini radiolojia inamfaa mwanafunzi mchanga

Miradi mingi ya tiba huhitaji muda. Dawa mpya hujaribiwa kwa miaka, na wagonjwa hufuatiliwa hadi wapone au wafariki. Picha ina faida ya kuwa imekwisha kupigwa. Inakaa ndani ya kompyuta au kwenye bahasha, ina tarehe, inaweza kutazamwa upya na mtu wa pili, na mgonjwa hachomwi sindano kwa ajili ya mtafiti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ametoka kusoma anatomia, kwa hiyo anajua umio uko wapi na mbavu ni ngapi. Hajui kutoa majibu ya picha, wala hapaswi kujaribu. Ila anajua kuhesabu, kupanga jedwali na kusoma ripoti iliyosainiwa na anayejua.

Kenya ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Katika miaka ya 1980 watafiti walibeba mashine ndogo ya ultrasaundi hadi kwa wafugaji wa Turkana ili kutafuta vivimbe vya maji vya ugonjwa wa hidatidi, unaosababishwa na minyoo ya mbwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1987 katika The Lancet, yaliilinganisha mashine hiyo na kipimo cha damu. Swali lilikuwa moja tu: kati ya vipimo hivi viwili, kipi kinafaa zaidi jamii inayohamahama? Mwaka 2003 kikundi kazi cha Shirika la Afya Duniani kilipotoa mpangilio wa kutambua hatua za vivimbe hivyo, kilitegemea picha za ultrasaundi.

Vilevile uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu wa mwaka 2015 na 2016 uliwapiga Wakenya eksirei za kifua pamoja na kuwauliza dalili. Ulikuta wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na ulionyesha kwamba wengi wasingegunduliwa kama wangeulizwa habari za kikohozi peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likakubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua katika kusaka kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kazi ya picha katika Afrika Mashariki inapanuka, na inahitaji vijana watakaoiuliza maswali.

Kutoka swali kubwa hadi swali dogo

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwanafunzi wa Bomet akiulizwa anataka kuchunguza nini, hujibu mara moja kwamba anataka kujua kwa nini saratani ya umio imekithiri kwao. Ni swali tukufu. Lakini watafiti wamekuwa wakilisaka kwa zaidi ya miaka 50. Wamepima chai ya moto, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la IARC lilitangaza kwamba vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani. Wamepima mursik, maziwa yaliyochachushwa, na kukuta ndani yake alkoholi na asetaldehidi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013. Mwaka 2016 Michael Mwachiro na wenzake walichapisha uchunguzi wa endoskopi uliofanywa kwa wakazi wa huku wasio na dalili yoyote, wakakuta asilimia 14.4 wana chembe za umio zilizoanza kubadilika. Swali kama hilo halimalizwi kwa likizo moja.

Lililo ndani ya uwezo wa mwanafunzi ni jirani yake mdogo. Kwa mfano: wagonjwa waliopigwa picha ya bariamu au skani ya CT mwaka uliopita walikaa miezi mingapi tangu kumeza kulipoanza kuwa kugumu hadi siku ya picha? Jibu linaweza kupatikana kwenye fomu za kuagizia picha, mradi madaktari waliziandika vizuri. Na ikiwa hawakuziandika, hilo lenyewe ni mradi.

Nichukue mfano mmoja niufuate hadi mwisho, wa ultrasaundi ya wajawazito. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Sababu iko wazi. Katika miezi mitatu ya kwanza ultrasaundi hukadiria umri wa mimba kwa kosa la takriban wiki moja. Katika miezi mitatu ya mwisho kosa laweza kufikia wiki tatu, kwa sababu watoto wameshaanza kutofautiana ukubwa. Mama asiyejua tarehe zake, akipigwa picha akiwa na miezi minane, daktari hubaki kukisia kama mtoto ni mdogo kwa sababu hajafika wakati wake au kwa sababu hakui vizuri. Kukosea hapo kunaweza kugharimu maisha.

Basi swali la mwanafunzi ni hili: kati ya wanawake waliopigwa ultrasaundi ya mimba katika hospitali hii katika muda wa miezi sita, ni wangapi walikuwa wamevuka wiki ya 24 walipofika mara ya kwanza? Anahitaji safu chache tu: mwezi, umri wa mama, wiki za mimba kama zilivyoandikwa kwenye ripoti, na kama aliletwa na kliniki au alikuja mwenyewe. Akiisha kukaa na rejista siku ya kwanza ataona tatizo: haisemi kama mama alikwisha kupigwa picha mahali pengine. Ndipo atakapojifunza kulinyoosha swali lake liseme kile tu ambacho data inaweza kukisema, yaani mara ya kwanza katika hospitali hii.

Idadi nayo ina hesabu yake. Tuseme kati ya wanawake 100 waliosajiliwa, 60 walikuwa wamechelewa. Kosa la makadirio ni karibu asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo ukweli waweza kuwa popote kati ya 50 na 70. Akipata 400 na uwiano ukawa ule ule, kosa hushuka hadi karibu asilimia 5. Hapo anajua anahitaji kurasa ngapi kabla hajaanza. Kisha amwombe mwenzake aziingize upya rekodi moja kati ya kila kumi bila kuona kazi yake, walinganishe. Karani wa kituo cha kununulia majani chai anajua kwamba kilo zikiandikwa vibaya leo, bonasi ya mkulima itaharibika mwisho wa mwaka. Nidhamu ya jedwali la utafiti ni hiyo hiyo.

Mwishowe akiri mipaka. Mama ambaye hakufika hospitalini kabisa hayumo kwenye rejista, na hospitali inayopokea wagonjwa kutoka mbali haiwezi kusema kwa niaba ya kijiji kimoja. Utafiti mdogo unaotaja mipaka yake humfaa msomaji kuliko mkubwa unaojitapa.

Maswali mengine yaliyo tayari

Yako mengi, na kila moja laweza kukamilika likizoni ikiwa maandalizi yamefanywa. Fomu za kuagizia eksirei zina maelezo ya ugonjwa, au zimeandikwa "kifua" tu? Mwanamke wa umri wa kuzaa aliulizwa kama ni mjamzito kabla ya kupigwa picha ya nyonga? Picha ngapi zilirudiwa kwa sababu mgonjwa alitikisika au alilazwa vibaya? Ripoti huchukua saa ngapi kutoka? Waliopigwa skani ya kichwa baada ya ajali ya bodaboda, fomu zao zinataja kofia? Tangu mamlaka ya bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, idadi ya picha kwa mwezi ilibadilika?

Uzuri wa maswali haya ni kwamba yanaweza kupimwa mara mbili. Unapima fomu, unawaonyesha madaktari matokeo, wanakubaliana kurekebisha, na miezi mitatu baadaye mwanafunzi mwingine anapima tena. Hospitali hufaidika hata kama hakuna jarida litakalochapisha.

Aombwe nani, na kwa maneno gani

Madaktari bingwa wa radiolojia nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na katika miji mikubwa. Muda wao ni haba. Kwa hiyo mwanafunzi aanze na mtaalamu wa eksirei anayepiga picha zenyewe. Huyo ndiye anayejua rejista zimewekwa wapi, mashine ilikuwa mbovu miezi gani, na swali gani limekuwa likimkera kwa muda mrefu. Amsalimu kwa heshima, aombe kukaa pembeni siku moja au mbili atazame kazi, asiguse kitu, kisha amuulize: "Ni jambo gani ungependa kulijua kuhusu kazi hii kama ungepata mtu wa kukuhesabia?" Majibu ya swali hilo yana thamani kuliko orodha yoyote ya mada.

Akiisha kupata swali, ndipo amwendee daktari. Tofauti ya maombi ni kubwa. "Daktari, naomba mradi" humpa daktari kazi ya ziada. "Daktari, ningependa kuhesabu wajawazito waliofika baada ya wiki ya 24 kuanzia Januari hadi Juni, nimeandika ukurasa mmoja, naomba unisahihishe na unisimamie" humpa karatasi ya kusoma na jambo la kukubali au kukataa. Ukurasa huo uwe na swali, data itakayotumika, muda, na nani atafaidika. Akikataliwa, ashukuru na aende kwa mwingine.

Ruhusa kwanza

Jambo hili sitalipunguza makali. Kuwa mwenyeji wa Silibwet, au kuwa na shangazi muuguzi hospitalini, hakumpi mtu haki ya kufungua faili la mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Utafiti unaohusu wagonjwa huhitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa, leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI, chini ya sheria ya mwaka 2013 ya sayansi na teknolojia, na ruhusa ya hospitali yenyewe. Kwa utafiti wa kurejelea kumbukumbu kamati inaweza kukubali kwamba idhini ya kila mgonjwa haihitajiki, lakini uamuzi huo ni wa kamati.

Kibali huchukua wiki, pengine miezi. Kwa hiyo mradi wa likizo ya Agosti huandikwa mwanzoni mwa mwaka. Mfupi ni muda wa kukusanya data tu. Maandalizi yake hayafupishiki. Wengi huligundua hili likizo ikiwa imekwisha kuisha, ndiyo maana nalisema wazi.

Na simu ikae mfukoni. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp mara nyingi ina jina la mgonjwa kwenye kona. Faili la kompyuta la picha, linaloitwa DICOM, hubeba jina na tarehe ya kuzaliwa ndani yake hata pale ambapo picha haionyeshi chochote. Mwanafunzi apewe namba badala ya majina, na orodha ya kuunganisha namba na majina ibaki hospitalini ikiwa imefungiwa.

Jina na jarida

Mapatano ya majina yafanywe mapema na kuandikwa. Vigezo vinavyofuatwa na majarida mengi ya tiba vinasema mwandishi ni yule aliyechangia kazi yenyewe, akashiriki kuandika au kusahihisha, akaidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Mwanafunzi aliyekusanya data na kuandika rasimu anastahili jina lake, na mtaalamu wa eksirei aliyeleta swali na kushiriki uandishi anastahili lake. Mkubwa ambaye hakufanya lolote hastahili kuwekwa kwa ajili ya cheo.

Pia ajihadhari na majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache mradi umelipa. Afrika Mashariki ina yake yenye heshima, kama East African Medical Journal, lililoanza mwaka 1923, na Annals of African Surgery. Na hata kabla ya jarida, kuna mkutano wa asubuhi wa hospitali, ambapo madaktari hukaa pamoja kujadili wagonjwa. Dakika kumi mbele yao zitamfundisha mengi.

Jibu lirudi lilikotoka

Ninalosisitiza zaidi ya yote ni hili la mwisho. Watu wa Bomet wamepimwa, wamehojiwa na kutolewa vipande vya umio kwa faida ya elimu. Wana haki ya kuambiwa kilichopatikana. Mwanafunzi aliyekuta kwamba wajawazito wanachelewa kwenda ultrasaundi anaweza kukaa na wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, akawaeleza kwa Kipsigis kwa nini wiki ya 24 ina uzito. Anaweza kuwaomba wauguzi wa kliniki waandike tarehe ya ultrasaundi kwenye kijitabu cha mama na mtoto siku ile ile ya ziara ya kwanza. Mambo haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu mwenye takwimu mkononi na anayejua kusema na watu wake.

Hospitali nazo zina la kufanya. Kila idara ya picha katika Bomet na Kericho iandike maswali matano inayotaka yajibiwe, iyabandike ukutani, na kupeleka nakala katika vyuo vikuu ambako watoto wa huku wanasoma. Vyuo navyo viruhusu mradi wa mashinani uhesabiwe sawa na ule wa maabara ya jiji. Mwanafunzi mwenyewe aanze na rejista moja, swali moja na msimamizi mmoja. Na akipata jibu, alipeleke kliniki kabla hajalipeleka jaridani.